Piesi Haiko Dukani: historia ya kufufua vyuma vilivyochakaa, kutoka misalaba ya shaba hadi kuchapa chuma

Leo naacha kidogo habari za barabara na bei ya unga. Nataka kusema juu ya kipande cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mkono.

Mwaka jana, mwishoni mwa kiangazi, kamyo moja ya zamani ya Mercedes ilikwama hapa Kilwa siku tisa. Ilikuwa imetoka Lubumbashi, safari ya kilomita karibu 350, imebeba unga, mafuta na magodoro. Juu ya mizigo zilikaa familia tatu zilizokuwa zinarudi upande wa Pweto baada ya kuishi miaka mingi kwa watu. Injini ilikuwa inachemka. Shofere alidhani ni radiateri, lakini fundi alipofungua aliona ni kifuniko cha thermostati, kile kidude cha alumini kinachofunika njia ya maji juu ya injini. Miaka mingi ya kutia maji ya mto yasiyo na dawa ilikuwa imekila kama panya anavyokula kona ya sanduku. Maji yalikuwa yanatoka pembeni, na hakuna gundi iliyoweza kuyazuia.

Wakapiga simu Lubumbashi. Dukani walijibu kwamba modeli hiyo imekwisha na kiwanda hakiitengenezi tena. Wangeweza kutafuta kwenye magari yaliyokufa, lakini hawakuahidi kitu. Siku ya tano mama mmoja, ambaye watoto wake walikuwa wanalala chini ya kamyo, akamwendea fundi: “Baba fundi, masomo yanaanza Jumatatu. Tutafika?” Fundi akamjibu bila kuinua kichwa: “Mama, piesi haiko dukani. Lazima izaliwe.”

Nilibaki pale nione jinsi inavyozaliwa.

Alichukua kifuniko kile kilicholiwa, akajaza mashimo kwa nta na sabuni mpaka kikapata tena umbo lake. Kisha akazidisha kidogo pande zote. Nikamuuliza kwa nini anakinenepesha. Akasema alumini ikipoa inajikunja, inapoteza milimita moja na kidogo kwa kila sentimita kumi, kwa hiyo ukinakili piesi jinsi ilivyo utapata ndogo, na matundu ya bulonzi hayataingiliana. Akaipeleka kwa mzee anayesubu masufuria. Mzee alikandamiza umbo lile ndani ya mchanga wenye unyevu, akalitoa polepole, akafunika. Katika chungu juu ya makaa aliyeyusha pistoni za magari yaliyokufa. Hakutumia mabaki ya sufuria. “Pistoni ni alumini nyingine,” akasema, “inavumilia moto.” Jaribio la kwanza lilitoka na mapovu ndani. La pili lilipasuka ukingoni. La tatu likapigwa msasa juu ya kioo cha dirisha mpaka likalala sawa.

Sasa kilichonifanya niandike. Mwaka 2017, mwezi wa 8, Mercedes-Benz Trucks walitangaza kule Ujerumani kwamba kwa mara ya kwanza wametengeneza kipuri cha kamyo cha chuma kwa kukichapa kwa mashine. Kipuri chenyewe kilikuwa kifuniko cha thermostati, cha makamyo na Unimog za zamani ambazo hazitengenezwi tena. Nacho kilitengenezwa kwa alumini yenye silikoni ndani. Pistoni nazo ni za ukoo huohuo, alumini na silikoni. Mzee wa masufuria hajui neno silikoni, lakini mkono wake ulikwenda penye jibu lilelile.

Kuchapa chuma ni nini basi? Wengi wakisikia kuchapa wanafikiria karatasi. Hapa wino ni unga wa chuma. Chuma huyeyushwa na kupulizwa kwa gesi yenye nguvu mpaka kinatawanyika kuwa vitone, na vitone vikipoa vinakuwa vipira vidogo kuliko unene wa unywele. Mashine inatandaza tabaka moja la unga huo juu ya bamba, jembamba sana, sehemu tatu hadi sita za mia ya milimita. Mwanga mkali wa leza unapita juu yake na kuyeyusha pale tu panapotakiwa kuwa piesi. Bamba linashuka kidogo, tabaka jingine linatandazwa, leza inapita tena. Kipuri cha urefu wa sentimita 6 kinahitaji matabaka 1,000 hadi 2,000. Yote yanafanyika ndani ya kisanduku kilichojazwa gesi ya agoni au naitrojeni ili chuma kisiungue na hewa, maana unga wa alumini ukirushwa hewani na kukutana na cheche unalipuka.

Mwishoni unachimbua piesi kutoka katika unga kama mtu anayechimbua kiazi. Lakini bado haijawa tayari. Inakatwa kutoka kwenye bamba, mara nyingi inatiwa katika tanuru ili kupunguza mikazo iliyomo ndani, halafu nyuso zake zinazokutana na vyuma vingine zinakerezwa na kusawazishwa. Kwa hiyo turneri wetu asiogope, kazi yake ipo hata kule Ujerumani.

Kuna namna nyingine iliyo karibu zaidi na garaji zetu. Badala ya kitanda cha unga, mashine inashika piesi iliyochakaa na kumwagia chuma kipya pale palipolika tu, kwa leza na unga au kwa moto wa umeme na waya. Mafundi wetu wa kuchomelea wakisikia hivyo watacheka, maana ndiyo kazi yao. Ekseli ikilika mahali pa rulema, sudere anazungusha mistari ya chuma juu yake, mmoja kando ya mwingine, halafu turneri anaikereza mpaka ipate kipimo. Wao wanaita kuongeza nyama. Wala si utani kuwaweka katika historia hii: mwaka 1920 Mmarekani mmoja, Ralph Baker, aliomba hati ya kulinda ubunifu wake wa kujenga vitu kwa kuweka chuma cha kuchomelea tabaka juu ya tabaka, na akaipata mwaka 1925. Leza ilikuwa bado haijabuniwa. Wanaoandika historia ya kuchapa chuma humtaja yeye miongoni mwa mababu.

Kompyuta zilikuja baadaye. Chuck Hull, Marekani, alipata hati mwaka 1986 ya kujenga vitu vya plastiki kwa mwanga. Kule Chuo Kikuu cha Texas, Austin, mwanafunzi Carl Deckard akaanza kuunganisha unga kwa leza. Miaka ya 1990 Wajerumani, pamoja na watu wa Fraunhofer kule Aachen, wakafanikiwa kuyeyusha unga wa chuma chenyewe. Mwanzo ilikuwa kazi ya ndege na meno ya bandia. Magari yalifuata polepole, na zaidi kwa wenye magari ya thamani: mwaka 2018 Porsche walitangaza kwamba wanachapa mkono wa kuachisha klachi wa gari la 959, ambalo yalitengenezwa 292 tu. Kabla ya kuukubali waliujaribu kwa mzigo wa karibu tani tatu.

Magari 292, tena mengi yao yamelala chini ya turubai! Na hapa kamyo inayolisha mji mzima inakwama siku tisa.

Lakini turudi nyumbani, maana katika mambo ya vyuma Katanga si mgeni. Watu walioishi kwenye mabonde ya Upemba, karibu na Ziwa Kisale, walizikwa na vitu vya shaba, na katika makaburi ya kule Sanga, yaliyochimbuliwa na wataalamu kuanzia mwaka 1957, ilionekana misalaba midogo ya shaba iliyosubiwa karne nyingi kabla ya Mzungu. Kadiri miaka ilivyopita misalaba ile ilizidi kuwa midogo na kufanana, mpaka wataalamu wakasema ilikuwa kama fedha. Fikiri maana yake: mafundi wasio na rula, kila mmoja penye tanuru lake, wanatoa vipande vinavyolingana kiasi cha kukubaliwa sokoni. Msalaba huo ndio uliochorwa mara tatu kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, na ndio uliowekwa kwenye sarafu za mwaka 1961. Wengi tumeuona kwenye bendera bila kujua kwamba kwanza ulikuwa kazi ya mikono.

Kazi yenyewe ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakisha. Watu walichimba mawe ya kijani, wanawake na watoto wakisaidia kuyaokota na kuyaosha. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu udongo huo unavumilia moto. Makaa, mawe, makaa, na mivukuto ya ngozi ikipuliza bila kupumzika. Shaba, ambayo wazee wanaiita mukuba, ilikusanyika chini, ikayeyushwa tena kwa kusafishwa, kisha ikamiminwa katika kalibu. Aliyeongoza hakuwa mtu yeyote tu. Alikuwa nganga wa kazi hiyo, mwenye dawa na miiko, na siri zake zilipita kwa waliokubaliwa. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, akawaita “wala shaba” wa Katanga, lakini wakati huo matanuru yao yalikuwa yamekwisha kuzimika.

Bayeke nao waliletwa huku na shaba hiyohiyo. Kalasa, baba ya Msiri, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, kuifuata. Mwanawe akajenga utawala wake Bunkeya, na mafundi wake walijulikana kwa kuvuta shaba kuwa nyuzi nyembamba za kusokota bangili. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs. Miaka 15 baadaye, 1906, ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza.

Hapo jambo moja likabadilika ambalo watu hawalisemi sana. Zamani nganga alikuwa na kalibu yake. Sasa kalibu, yaani mchoro na vipimo, ilikaa katika ofisi ya Wabeleji. Mwafrika alitia makaa, alibeba, baadaye alifundishwa kusimama penye mashine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na familia zao, wasiende na kurudi, kwa hiyo ikafundisha watu kazi. Ndivyo walivyopatikana aina ya mafundi ambao hata leo mzee akikutajia “alifanya kazi Panda” unanyamaza kidogo. Karakana kuu za Panda, pale Likasi, zilisubu na kukereza vyuma vya mashine za migodi. Piesi ikivunjika haikungoja meli kutoka Anvers.

Baadaye Union Minière ikawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Mwaka 1994 ilikuwa chini ya tani 40,000. Sababu ni nyingi na zimeandikwa sana: mashine zilizochoka bila kubadilishwa, pesa zilizoliwa, mgodi wa Kamoto ulioporomoka mwaka 1990. Mimi naongeza moja ambayo familia zilizohamishwa zitaielewa haraka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu. Likasi na Kolwezi walikaa wiki na miezi kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walifia njiani. Kati yao walikuwa mafundi wa Gécamines wa miaka 20 na 30. Mashine zilibaki pale pale, lakini waliojua kuzisikiliza waliondoka wamebeba ujuzi wao na godoro.

Halafu mwaka 2003 Gécamines ikaachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na Benki ya Dunia. Hiari ya mtu ambaye hajalipwa miezi mingi, mtaipima wenyewe. Baadhi yao waliendelea na ufundi mitaani, na waliowafuata walijifunza kwa kuwatazama. Fundi wetu wa kifuniko ni mmoja wa hao. Alinifahamisha kwamba mambo ya nta na ya kunenepesha umbo alifundishwa na mjomba wake aliyetoka karakana, chini ya mti wa mwembe, bila daftari.

Sasa swali langu. Mashine za kuchapa chuma zikifika Lubumbashi, kalibu itakuwa ya nani?

Kwa sababu kalibu ya siku hizi ni faili. Ndani ya faili mna kila unene na kila tundu la kipuri, na mwenye faili ndiye anayeruhusu mashine ichape. Mwaka 2021 Daimler Buses waliweka mashine yao ya kuchapa vipuri ndani ya kontena, ili ipelekwe karibu na mahali mabasi yanapotengenezwa. Ni jambo jema. Lakini hao hao walieleza pia kwamba data za vipuri zinauzwa kwa leseni na kufungwa, ili mnunuzi achape idadi aliyolipia tu. Sisemi ni wizi. Mtu aliyechora piesi na kuijaribu ana haki yake, tena kipuri kilichochapwa ovyo kinaweza kuua. Ninachosema ni kwamba modeli ikiisha na kiwanda kikakataa kutoa faili, sisi tunarudi kulekule kwenye nta na sabuni.

Vilevile tusidanganyane juu ya gharama. Mashine ya namna hii inataka umeme usiokatika, gesi, unga safi unaoagizwa mbali na mtu aliyesoma. Kilwa haitaipata kesho. Na kuna vipuri ambavyo si lazima kuvichapa kabisa: bushi ya kawaida turneri anaikereza asubuhi na mchana gari linatembea. Kuchapa kunafaa kwa piesi chache, za zamani, zenye umbo gumu, ambazo hakuna anayezitengeneza tena.

Kuna njia ya katikati ambayo naona ni ya kwetu zaidi. Mwaka 2009 Mmarekani Jay Leno, yule mtangazaji wa televisheni mwenye magari mengi, alikuwa na gari la mvuke la White la mwaka 1907 ambalo kifaa chake cha kupasha maji kilikuwa kimekwisha. Walikipima kwa skana, wakasahihisha palipoharibika kwenye kompyuta, wakachapa nakala ya plastiki. Nakala hiyo ndiyo iliyotumika kutengeneza kalibu ya kumiminia chuma. Plastiki badala ya nta na sabuni, basi! Mashine ndogo ya kuchapa plastiki bei yake iko mbali kabisa na ile ya chuma. Kompyuta inaweza kunenepesha umbo kwa asilimia kamili, na nakala haiyeyuki ukiisahau juani. Kisha unampelekea mzee wa masufuria, naye anafanya kazi yake ileile. Faili unaipima wewe mwenyewe, na inabaki kwako.

Nimeongea na vijana wawili wa hapa waliokimbia mapigano ya upande wa Tanganyika, mmoja alikuwa anachomelea, mwingine alisomea umeme. Wana ndugu waliovuka ziwa mpaka Nchelenge, wanaoishi kambini Mantapala tangu 2018. Wote wawili wanapakua mizigo bandarini. Nilipowaeleza habari za skana na plastiki, yule wa umeme aliniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, juu ya mota zinazosogeza kichwa cha mashine. Nilimwona anachora kwenye vumbi kwa kijiti.

Neno moja tena juu ya unga. Baadhi ya unga unaopendwa sana katika kuchapa chuma ni wa kobalti na kromu. Pua ya kumwagia mafuta katika injini ya ndege iitwayo LEAP inachapwa kwa unga huo: vipande karibu 20 vilivyokuwa vinaunganishwa vimekuwa kimoja. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, kwetu Katanga na Lualaba. Shaba nayo ni mkaidi: leza ya kawaida inapoipiga, inarudisha mwanga kama kioo na kutawanya moto haraka, mpaka wengine wameanza kutumia leza ya kijani ili ikubali. Nilipomwambia mzee wa masufuria hivyo, alifurahi sana. Akasema mukuba haujawahi kumtii mtu aliyeharakisha.

Na madini yaliyopita hapa Kilwa tuliyaona wenyewe, kuanzia mwaka 2002, yakitoka Dikulushi kwa malori na kuvushwa ziwa kwenda Zambia. Ya Oktoba 2004 sitayaandika leo. Hayaenei katika aya moja, na wenye msiba wako hai.

Kamyo iliondoka asubuhi ya siku ya kumi. Kifuniko kilikuwa kinatoa tone moja moja upande wa kushoto, na fundi alimpa shofere kidumu cha maji na amri ya kusimama kila mlima. Yule mama alipandisha watoto, akashuka tena kumrudishia mke wa fundi sufuria aliyoazimwa. Wiki mbili baadaye alituma ujumbe kwamba wamefika siku ya Jumatano, na mwalimu aliwapokea watoto bila maneno. Kifuniko cha zamani, pamoja na nta yake, kinaning'inia kwenye msumari ndani ya garaji. Fundi ameandika juu yake kwa chaki aina ya gari, maana anasema kamyo za namna ile ziko nyingine mbili kwenye barabara hii.